Sokoke: Jamani, Hebu Mtazameni Paka Huyu!

Miguu! Nianze na miguu, maana ndiyo iliyonimaliza. Nilikuwa nimeambiwa kwamba ukikutana na Sokoke, wewe tazama manyoya tu. Manyoya nitayafikia, subirini. Lakini jike huyu aliposhuka kitini na kuikata sebule kuja kuninusa viatu, sikuona kitu kingine. Miguu ya nyuma imeipita ya mbele kwa urefu, na goti lake la nyuma limenyooka kuliko la paka tuliowazoea, basi anatembea kwa ncha za vidole, kiuno juu, kwa madaha ambayo hajafundishwa na mtu. Mashaallah!

Haya, manyoya sasa. Ni mafupi, yamelala mwilini, yanang'aa, wala chini yake hayana sufi ya kutajika. Ubavuni kuna mabaka makubwa ya kahawia yaliyojizungusha, lakini ukiinama karibu unagundua kwamba hata ndani ya mabaka hayo kila unywele umegawanyika rangi, penye giza na penye mwanga. Ndiyo maana michoro yake haikai kama rangi iliyopakwa; inaonekana kama gome la mti lililopigwa na jua la saa kumi. Wagiriama humwita kadzonzo, na hao ndio waliomjua kabla ya mzungu yeyote kumwandikia cheti. Macho ni ya kaharabu, mengine huelekea kijani hafifu. Mkia mrefu, mwembamba, unaishia na ncha nyeusi. Kichwa ni kidogo ukikilinganisha na mwili, na mwili wenyewe ni mwembamba lakini mgumu: nilipomnyanyua, nilinyanyua misuli mitupu.

Na kinachonichoma, mimi mtu wa Kilifi, ni kwamba nimelazimika kufika Denmark ndipo nimwone kwa macho yangu! Arabuko-Sokoke ni kwetu, msitu wa kilomita za mraba zipatazo 420 kati ya Kilifi na Malindi, msitu mkubwa kuliko yote ya aina yake iliyosalia katika pwani ya Afrika Mashariki. Tunawapeleka wageni humo wakamwone bundi mdogo wa Sokoke na sange mwenye makalio ya dhahabu. Paka aliyebeba jina la msitu huo hata hatumtaji.

Kisa chake kinaanza mwaka 1978. Jeni Slater, aliyekuwa akiishi upande huo wa Watamu, alimkuta paka amezaa shambani kwake, akashangazwa na michoro ya watoto wale, akachukua wawili, dume na jike, akawalea. Katika miaka ya 1980 rafiki yake Gloria Moeldrup akawapeleka wengine Denmark, na mapema miaka ya 1990 shirikisho la wafugaji wa paka la FIFe likamtambua kuwa mbegu kamili. Lakini hao waliotangulia walikuwa wachache mno, wakizaana wenyewe kwa wenyewe, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 ikabidi damu mpya itafutwe palepale Watamu. Huyu niliyemshika ana damu ya pande zote mbili.

Wapo watakaokuambia kwamba huyu ni paka mwitu aliyefugwa majuzi. Achana nao. Uchunguzi wa vinasaba umemweka katika kundi moja na paka wa nyumbani wa Asia, pamoja na paka wa mitaani wa pwani yetu upande wa Lamu. Mimi hilo linanifurahisha kuliko hadithi ya mwitu. Pwani iliyopokea majahazi karne kwa karne ingekosaje paka wenye ujamaa na ng'ambo ya bahari?

Kasoro? Zipo. Baridi hawezani nayo, kwa hiyo huyu jike amehamia kando ya kipasha joto na haondoki ila kwa jambo la maana, kama vile viatu vya mgeni. Magonjwa ya kuambukizana yanayowapata paka waliolundikana humsumbua pia. Hukua polepole. Tena anaongea! Ukinyamaza anakuuliza, ukijibu anaendelea. Anayeshinda kazini kutwa na kurudi usiku asimchukue, kwani huyu hushikamana na watu wake na paka wenzake, na upweke humharibu. Mpe pa kupanda, juu kabisa. Rafu ya vitabu kwake ni ngazi tu.

Kumpata ndiyo kazi. Wafugaji wake ni wachache duniani, na mwenye Sokoke hakuuzii kabla hajakuhoji kama mkwe. Nimeshajiandikisha kwenye foleni. Mwenye nyumba amecheka, akaniambia nianze kwa kununua rafu.