Mikate ya Alia

Wengi hudhani taharuki ni kasi: magari yakifukuzana, risasi zikirindima. Filamu ya Eye in the Sky ya mwaka 2015, iliyoandikwa na Guy Hibbert na kuongozwa na Gavin Hood, inaonyesha kwamba taharuki ni kazi ya subira. Katika nyumba moja ya Eastleigh, Nairobi, vijana wawili wanavalishwa mabomu. Angani inazunguka droni yenye makombora. Anayeiendesha ameketi Nevada, na Kanali Powell, anayeigizwa na Helen Mirren, anaisimamia operesheni kutoka Uingereza. Kila kitu ki tayari. Ndipo binti mdogo, Alia, anapotandika meza kando ya ukuta wa nyumba ile na kupanga mikate ya kuuza. Tangu hapo tunangoja jambo moja tu: mikate iishe.

Ufundi wa Hibbert umo katika kumpa kila mtu sababu ya kusitasita. Ombi la kushambulia linapelekwa kwa waziri wa Uingereza aliyeko Singapore, anayeumwa tumbo hotelini, kisha kwa waziri wa Marekani aliyeko Beijing, anayecheza tenisi ya meza na kuona anapotezewa muda. Powell anambana askari wa chini yake apige upya hesabu ya uwezekano wa mtoto kufa, mpaka ishuke chini ya asilimia 50. Inapatikana 45, na kibali kinatoka. Hakuna aliyesema uongo waziwazi, wala hakuna aliye msafi. Wakati huohuo, chini kabisa, jasusi Jama Farah, anayeigizwa na Barkhad Abdi, anahangaika kununua mikate yote ili mtoto aende nyumbani. Majeshi ya mataifa mawili yanategemea noti chache mkononi mwa mnunuzi. Sijaona mwandishi aliyelipima suala la gharama ya usalama kwa kipimo kidogo namna hii, kikaelemea hivi.

Wapo watakaosema mtoto ni hila ya kutukamua machozi. Ingekuwa hila kama upande wa pili wa mizani ungekuwa mtupu. Filamu inaweka huko watu wapatao 80 wanaoweza kuuawa sokoni, na msomaji wa Kenya hahitaji kushawishiwa: katika shambulio la Westgate walikufa 67 mwaka 2013, na katika lile la Garissa 148 mwezi Aprili 2015. Hata Jenerali Benson, nafasi aliyoigiza Alan Rickman, tunamwona kwanza akinunua mwanasesere wa mtoto kabla hajaingia katika kikao cha kuamua shambulio. Anayetaka kufyatua anajua vizuri anachokiomba, na ndiyo maana jibu halipatikani kwa urahisi.

Hoja nzito zaidi ni ya mahali. Picha zilipigwa Afrika Kusini, na Eastleigh inayoonyeshwa ina mitaa iliyo mikononi mwa wanamgambo wenye bunduki. Eastleigh halisi ni mtaa wa biashara, wa maduka yaliyosongamana na marobota ya vitambaa yanayosafirishwa hadi nchi jirani. Hapo filamu imekosea, na kosa hilo si dogo, kwa sababu bei ya usalama ambayo wakazi wale waliilipa kweli haikushuka kutoka angani. Aprili 2014, katika Operesheni Usalama Watch, polisi waliingia nyumba kwa nyumba, wakakamata maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, na kuwazuilia baadhi yao katika uwanja wa Kasarani. Lakini kosa la mandhari haliuondoi ufundi. Linatuonyesha tu mahali ambapo ungefaa kupelekwa. Waandishi wa filamu wa Nairobi, chukueni subira ile ya meza na mikate, mwende nayo Kasarani.