Chumvi Hutangulia Mafuta

Mama anayenikaribisha kila ninapofika mjini Mugumu hana haraka na ndimu. Huiviringisha mezani kwa kiganja, akiikandamiza kidogo kidogo, mpaka ganda lilegee. Ndipo huikata katikati na kuikamulia bakulini kupitia chujio la chai, ili kokwa zibaki juu. Haikamui ikakauka. Tone la mwisho, anasema, ni la ganda, na ganda ni chungu.

Nimekula kachumbari mahali pengi, na nyingi zinafanana: nyanya zinaogelea, kitunguu kinapanda puani, chumvi imejikusanya chini ya bakuli. Mboga hazina kosa. Kachumbari hupewa dakika mbili za mwisho, nyama ikiwa imeshakatwa na watu wameshanawa. Mama huyu huianza kabla mkaa haujashika.

Sosi yake, ndivyo anavyoiita, ina vitu vinne: ndimu, chumvi, kitunguu saumu na mafuta ya alizeti. Siku ya kwanza nilipotaka kumsaidia nilishika chupa ya mafuta, naye akaniwekea mkono juu yake.

"Chumvi kwanza, mura."

Mura ni neno ambalo Wakurya humwitia kijana wa kiume, na Tarime nzima utalisikia kutoka stendi hadi mnadani. Nilirudisha chupa. Chumvi huyeyuka ndani ya maji ya ndimu. Ndani ya mafuta haiyeyuki kabisa. Mafuta yakitangulia, kila punje huvaa koti na kubaki punje, kisha mlaji mmoja huikuta yote kwenye tonge lake na mwenzake akala mboga chapwa. Kwa hiyo yeye hutia chumvi, hukoroga, na husubiri mpaka kijiko kisisikie tena mchanga chini ya bakuli. Kusubiri huko kwa dakika moja ndiko ninakokupenda kuliko yote. Hakuna mgeni atakayejua kwamba kulikuwapo.

Kitunguu saumu hukitwanga kwenye kinu kidogo pamoja na chembe za chumvi, maana chumvi hukwaruza na kukigeuza uji laini. Uji huo una kazi mbili. Unaleta harufu, na unasaidia kuwashika pamoja wawili wasiopatana, ndimu na mafuta. Vyote humiminwa kwenye chupa ya jamu yenye kifuniko, na hapo mkono huanza kutikisa. Ukitazama kwenye mwanga utaona mafuta yakikatika kuwa matone, matone yakiwa madogo zaidi, mpaka sosi inapauka na kuwa nzito kama uji mwepesi. Ukiiacha, hujitenga tena baada ya muda mfupi. Akitaka ikae zaidi huongeza nusu kijiko cha parachichi lililopondwa.

Mafuta yenyewe ni ya kukamuliwa kwa mashine, yale ya kuuzwa kwenye madumu, na huyaacha yatulie siku kadhaa mpaka machicha yazame. Yana harufu ya mbegu, na mimi naona bila harufu hiyo sosi inapungukiwa. Ya mawese hayataki kabisa kwenye mboga mbichi. Asubuhi ya baridi, hasa kule juu Tarime, huganda na kuacha utando kwenye kaakaa.

Kuhusu kipimo hana fimbo moja. Kwa saladi ya majani, kijiko kimoja cha ndimu hupata vijiko vitatu vya mafuta. Kaka yake, aliyepikia watalii kwenye kambi za mahema ndani ya Hifadhi ya Serengeti, ndiye aliyemfundisha hivyo, na hicho ndicho kipimo cha kale cha wapishi wa Ufaransa, ila wao hutumia siki. Hifadhi ipo tangu 1951, na mapishi mengi yameingia na kutoka kwa wapishi wake. Lakini kwa kachumbari ya nyama choma mama huyu amekikataa kipimo hicho. Mafuta kijiko kimoja, ndimu vijiko viwili. Nyama inakuja na mafuta yake, anasema, mboga iko pale kuyakata. Namuunga mkono.

Vitunguu maji huvikata vyembamba, huvifikicha kwa chumvi, huvisuuza, ukali ukaenda na maji. Majani ya saladi huyafunga kwenye kipande cha kanga safi na kuyapunga uani kama mtu anayefukuza kunguru. Jani lenye maji halishiki mafuta. Sosi huteleza yote na kuishia chini.

Upo pia mtindo wa maziwa, na ningetamani uenee zaidi, kwa kuwa huku kwenye ng'ombe hakuna ajabu kuwa na mgando nyumbani. Huumimina kwenye kitambaa na kuuning'iniza usiku kucha. Asubuhi unabaki mzito, mweupe, mchachu wa kutosha hata ndimu haihitajiki. Chumvi, kitunguu saumu, pilipili manga, basi. Huo ni wa kabichi na karoti zilizokatwa kama nyuzi.

Kuonja, haonji kwa kijiko. Huchovya kipande cha tango, kwa sababu sosi inayopendeza ulimini peke yake hufifia ikikutana na tango lenye maji mengi. Inapaswa kuwa kali kidogo kupita unavyotaka.

Halafu anafunika chupa na kuiweka kando. Nyanya zimekatwa, majani ya giligilani yamechambuliwa, bakuli liko tayari, na bado hamimini. Chumvi huvuta maji kutoka kwenye mboga. Robo saa tu na tango limelegea. Anasubiri asikie birika la kunawia likizunguka. Maji yanapogonga beseni kwa mtu wa mwisho, anatikisa chupa mara nne, anamwaga, anageuza mboga kwa mikono miwili kutoka chini kwenda juu, na bakuli linaondoka.

Likirudi huwa limebaki na kijiko au viwili vya maji ya rangi ya nyanya. Haoshi. Anakata tonge la ugali wa mtama, analizungusha bakulini taratibu, na kunikabidhi.