Jaji Anapunguza Kifungo kwa Kipimo Gani?

Desemba 14, 2017, katika kesi ya Muruatetu, Mahakama ya Juu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu cha 204 cha Kanuni ya Adhabu, kwa kumlazimisha jaji kumhukumu kifo kila aliyepatikana na hatia ya mauaji, kinakiuka Katiba. Hukumu ya kifo haikufutwa. Kilichofutwa ni ulazima wake, na tofauti hiyo iliwapita wengi, mawakili wakiwemo.

Kabla ya hapo, mshtakiwa akishatiwa hatiani, ombi lake la kupunguziwa adhabu lilisikilizwa kwa adabu tu. Jaji hakuwa na la kuchagua. Sasa mahakama ikaorodhesha mambo ya kupimwa: umri, kama ni kosa la kwanza, kama alikiri, tabia na rekodi yake, majuto, uwezekano wa kurekebika, na kama alitenda kosa kwa sababu ya ukatili wa kijinsia. Hilo la mwisho si dogo. Mke aliyepigwa miaka nenda miaka rudi, kisha akamuua mumewe, anaweza kuieleza historia hiyo wakati wa kupangiwa adhabu hata kama haikumwondolea hatia.

Wafungwa wa wizi wa mabavu na wa unajisi nao wakabisha hodi, na baadhi ya mahakama zikawapunguzia vifungo. Julai 6, 2021, Mahakama ya Juu ikafafanua kwamba uamuzi ule ulihusu mauaji pekee. Makosa mengine yaanzie Mahakama Kuu kwa hoja zake yenyewe. Kwa maoni yangu ufafanuzi huo ulichelewa mno.

Julai 12, 2024 Mahakama ya Juu ikakaza zaidi. Mahakama ya Rufaa ilikuwa imempunguzia aliyemnajisi mtoto kifungo kutoka miaka 20 hadi 15. Mahakama ya Juu ikairudisha ile 20. Adhabu ya lazima, ilisema, humfunga jaji mikono kabisa. Kima cha chini cha adhabu, kama ile miaka 20, humzuia kushuka tu, kupanda anaweza. Isitoshe, katika rufaa ya pili ukali wa adhabu huhesabiwa kuwa suala la ushahidi, si la sheria, na Mahakama ya Rufaa katika rufaa ya namna hiyo husikiliza hoja za sheria tu.

Kuna njia nyingine isiyopigiwa kelele: kifungu cha 333(2) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai. Aliyekamatwa Machi 2015, akakaa rumande hadi Machi 2018 alipofungwa miaka 20, anastahili kuhesabiwa tangu 2015. Mahakama ya Rufaa imeshasema haitoshi hakimu kuandika kwamba amezingatia muda huo. Ni lazima uonekane umeondolewa kwenye kifungo.

Kwa hiyo, anayemwandikia ndugu yake ombi la kupunguziwa kifungo asianze na machozi. Atazame kwanza kifungu cha sheria alichohukumiwa nacho, kisha tarehe aliyokamatwa.