Mwigizaji Osa Johnson na Sinema Bubu Iitwayo Simba

Wengi walioandika habari za Bibi Osa Johnson, Mmarekani aliyepata sifa kubwa kwa sinema zilizopigwa katika Afrika ya Mashariki, wamemweka katika fungu la wasafiri au la wapiga picha za wanyama. Makala haya yanakusudia kumpima kwa kipimo kingine, yaani kama mwigizaji wa sinema bubu. Kipimo hicho kitatufikisha kwenye swali linalowahusu hasa wanafunzi wa lugha: ni nani aliyepewa maneno katika sinema zile, na sisi leo tukitaka kuzitia maneno ya Kiswahili, yatupasa kufanya nini?

Yafaa kwanza tueleze maisha yake kwa ufupi. Osa Helen Leighty alizaliwa tarehe 14 Machi 1894 katika mji wa Chanute, jimbo la Kansas. Mwaka 1910, akiwa na umri wa miaka 16, aliolewa na Martin Johnson, kijana aliyekwisha kusafiri baharini pamoja na mwandishi Jack London katika chombo kiitwacho Snark. Bwana Johnson alikuwa akizunguka katika kumbi za starehe akionyesha picha za safari ile na kuzieleza, naye mkewe akapanda jukwaani kuimba nyimbo za Hawaii. Jambo hili halifai kupitwa upesi. Kabla hajashika bunduki mbele ya kamera, Osa alikwisha kujifunza kusimama mbele ya watu waliolipa kiingilio.

Mwaka 1917 walikwenda visiwa vya Solomon na New Hebrides, na mwaka 1921 wakafika Kenya kwa mara ya kwanza. Matunda ya safari hiyo ni Trailing Wild African Animals, iliyotolewa mwaka 1923. Walirudi mwaka 1924 wakajenga makao juu ya mlima Marsabit, kando ya ziwa walilolipa jina la Lake Paradise, ingawa lilikuwa na jina lake tayari, Gof Sokorte Guda. Kazi yao ilisaidiwa na jumba la makumbusho la American Museum of Natural History la New York, na fedha za George Eastman, mwenye kampuni ya Kodak. Mwaka 1928 ikatoka sinema yao bubu iliyo mashuhuri kuliko zote, Simba, yenye picha za Kenya na Tanganyika.

Katika sinema bubu mwigizaji hana ila uso, mikono na mwendo. Osa alivitumia vyote kwa kiasi. Mumewe azungusha mpini wa kamera; mnyama aja kwa kasi; Osa asimama kando, bunduki begani, uso umetulia. Kisha twamwona katika shughuli za nyumbani, kana kwamba hatari na jikoni ni vyumba viwili vya nyumba moja. Mtu huyo anayeitwa «Osa», mwanamke mdogo wa umbo asiyetishika na anayependa mzaha, ametungwa kama atungwavyo mhusika wa tamthilia yoyote. Aidha, mtazamaji makini ataona kwamba mara nyingi mnyama yumo katika kipande kimoja cha picha na mwanamke yumo katika kingine, na kwamba ni mkono wa mhariri uliowakutanisha. Sisemi kwamba Osa hakuwa na ushujaa. Alikaa porini miaka mingi, na hilo halikanushiki. Nasema kwamba ushujaa tunaouona kwenye kitambaa ni kazi ya sanaa. Hatari ya sinema hii ni kwamba ilikuja na idhini ya jumba la makumbusho, na hivyo watazamaji wakaupokea uigizaji kama ushahidi.

Sasa tuje kwenye maneno. Sinema bubu ilikatizwa na maandishi ya kueleza mambo. Katika Simba maandishi hayo, yaliyo ya Kiingereza, yawafanyia mzaha watu waliopigwa picha, na kuwatia mawazo ambayo hakuna ajuaye kama walikuwa nayo. Midomo yao yaonekana ikisema, lakini maneno si yao. Hata majina yao ya kabila hayakusalimika: wawindaji wa mkuki waitwa Walumbwa, jina ambalo wageni wa siku zile waliwapa Wakipsigis. Osa naye hakusikika sauti yake, lakini yeye alikuwa na jina, na kila mtazamaji alilijua.

Huenda msomaji akasema kwamba kosa ni la mashine, kwa kuwa haikuweza kutoa sauti. Hoja hiyo haisimami. Mwaka 1932 akina Johnson walitoa Congorilla, sinema ya sauti, ambayo sehemu yake ilipigwa katika misitu ya Ituri, Kongo. Humo twamwona Osa akicheza dansi pamoja na Wambuti kwa muziki wa jazi uliotoka katika santuri, na Mbuti mmoja amepewa sigara kubwa ili watu wacheke. Sauti ilikuja, na mzaha ukabaki palepale.

Tena tutazame majina ya sinema hizi. Congorilla ni Kongo na gorila yaliyounganishwa. Baboona, ya mwaka 1935, ni neno la Kiingereza la nyani lililoongezwa irabu mwishoni ili lipate sura ya Kiafrika. Simba peke yake ni neno halisi la Kiswahili, na wengi wetu hufurahi kuliona. Lakini tujiulize: Kiswahili kilikuwa lugha ya nani katika picha zile? Marsabit ni nchi ya Wasamburu, Warendille na Waborana, na wale wenye mikuki walikuwa na lugha yao. Kiswahili kilikuwa lugha ya msafara, ya amri na ya ujira. Jina la Simba basi lafunika lugha nyingine nyingi, kama Kiingereza kilivyofunika vinywa.

Jambo hili si la zamani tu. Katika Iringa na Mbeya, kama kwingineko Tanzania, watu wamezoea kutazama filamu za kigeni ambazo msimulizi mmoja amezitia sauti yake ya Kiswahili, sanaa ambayo marehemu Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana kama Lufufu, aliipatia umaarufu mkubwa. Msimulizi hueleza, hufasiri, huongeza na hutania. Niliwapa wanafunzi wangu wa Iringa kipande cha Simba ambamo mwanamke asema maneno akicheka, nikawataka waandike maandishi mapya ya Kiswahili. Wengi walimwandikia maneno ya hekima na ya kujitetea. Mmoja, mzaliwa wa Tukuyu, hakuandika kitu. Alisema kwamba bibi yake husema Kinyakyusa tu, na mtu akimwekea bibi huyo Kiswahili kinywani, hata kiwe kizuri namna gani, atakuwa amemnyang'anya maneno yake.

Naona kwamba mwanafunzi huyo alilishika jambo lenyewe. Katika nchi ya Wahehe, Wabena, Wasafwa na Wanyakyusa, twajua vizuri kwamba Kiswahili ni lugha yetu sote, na twajua pia kwamba si lugha ya kila kinywa. Kwa hiyo rai yangu ni hii. Tukizitengeneza upya sinema hizi kwa ajili ya shule na vyuo vyetu, maandishi yetu ya Kiswahili yataje kabila kwa jina lake, mahali kwa jina lake, na mwaka. Yaeleze palipounganishwa vipande. Na pale ambapo mtu asema na maneno yake hayakuhifadhiwa, yaandikwe kwamba asema, basi.

Martin Johnson alifariki mwezi Januari 1937 kwa ajali ya ndege. Mwaka huohuo Osa alirudi Afrika ya Mashariki kusaidia upigaji picha wa sinema Stanley and Livingstone, iliyotoka mwaka 1939, na kitabu chake I Married Adventure kikatoka mwaka 1940. Alifariki New York tarehe 7 Januari 1953. Ndiyo kusema kwamba alipata nafasi ya kuandika mwenyewe yale ambayo sinema bubu haikumwezesha kuyasema. Wale waliosimama pamoja naye mbele ya kamera hawakupata nafasi hiyo, na mfasiri wa Kiswahili akiketi leo kuandika, akumbuke kwamba anakaa katika kiti kilekile cha mwandishi wa Kiingereza wa mwaka 1928.