Namna ya Kuipima Sloti Iliyobeba Jina la Gemu

Mashine ya sloti yenye jina la gemu maarufu ipimwe kwanza kwa kuivua picha. Jifanye humwoni Lara Croft wa Tomb Raider wala Ryu wa Street Fighter, kisha tazama kinachobaki: magurudumu, mistari ya malipo, bonasi. Kama kilichobaki kingeweza kuvishwa matunda au mafarao na mchezaji asigundue tofauti, hapo umeuziwa jina tu.

Chukua Tomb Raider ya Microgaming, iliyotoka mwaka 2004. Ni sloti ya kawaida ya magurudumu 5 na mistari 15, na kwenye bonasi unachagua sanamu zilizoficha zawadi. Lara yupo, bastola zipo. Ila hakuna njia ya kutafuta, hakuna genge la kuruka, hakuna hofu ya kuteleza, yaani yale yote yaliyompa Lara jina. Tuiheshimu kwa umri wake. Kwa usanifu, haivuki wastani.

Street Fighter II ya NetEnt, ya mwaka 2020, ni kazi ya mtu aliyelicheza pambano lile la Capcom la 1991. Kabla ya lolote unachagua mpiganaji kati ya wale 8 wa asili, na kila mmoja ana uwezo wake unaobadilisha uchezaji. Alama zinazokutana uwanjani hugeuka mapigo na kumpunguzia mpinzani uhai. Ukimwangusha, anakuja mwingine. Hata lile gari la kuvunjavunja kwa mateke limepewa nafasi yake kama bonasi. Mwendo wa gemu umeingia ndani ya hesabu ya malipo, haukubandikwa juu. Hicho ndicho ninachokitafuta.

Lakini usidanganyike kwamba unapigana. Tangu enzi ya hataza ya Inge Telnaes ya mwaka 1984, ambayo ilihamisha bahati kutoka kwenye chuma kwenda kwenye namba za kompyuta, shauri la mzunguko hukatwa pale pale unapobonyeza. Ngumi ya Ryu inarushwa baada ya hukumu kutoka. Sloti nzuri haifichi hilo. Mbaya hukupa vitufe vya kubonyeza katikati ya onyesho ili uamini kidole chako kimechangia.

Kwa upande wa mkono kufanya kazi kweli, Wajapani wako mbele. Mashine zao za pachisuro zina vitufe vitatu, na kila kimoja husimamisha gurudumu lake. Mwenye jicho kali huilenga alama inapopita. Ndani yake bado kuna droo: ikiwa hukupata, mashine huliachia gurudumu liteleze alama chache, hadi 4, likupite; ikiwa umepata, wewe ndiye wa kuuchukua ushindi kwa kulenga sawasawa. Ustadi basi upo, ila una mipaka. Ndiyo sababu gemu kama Akumajo Dracula, ambayo duniani inajulikana zaidi kama Castlevania, inakaa vizuri humo: gemu yenyewe tangu 1986 ilikuwa ya kupiga mjeledi kwa wakati. Hapa naweka alama za juu. Ila mwenye ukumbi wa pachisuro huchagua kiwango cha malipo cha mashine, kuanzia 1 hadi 6, na mchezaji haonyeshwi. Kwangu hiyo ni dosari, hata kama wapenzi wa pachisuro huifurahia kama fumbo.

Picha peke yake sizipi alama nyingi. Mwaka 2016 Konami ilitoa pachisuro ya Metal Gear Solid 3 yenye matukio yaliyochorwa upya kwa ubora wa kushangaza, mwaka mmoja tu baada ya Hideo Kojima, muundaji wa gemu hizo, kuondoka kwenye kampuni. Mashabiki walikasirika, na haki yao: mapambo waliyoyangoja kwenye gemu yaliwekwa kwenye mashine ya kamari.

Sikiliza pia. Weka dau la shilingi 100, mashine ikurudishie 40: je, inapiga tarumbeta? Basi inakushangilia ukipoteza 60. Hiyo ndiyo hila ninayoichukia kuliko zote, na sloti za gemu zinaifanya kwa urahisi kwa sababu mlio wa kuokota sarafu umeshatuzoesha furaha tangu utotoni. Uingereza ilipiga marufuku shangwe za namna hiyo kwenye sloti za mtandaoni kuanzia Oktoba 31, 2021, na ikaagiza kila mzunguko uchukue angalau sekunde 2.5.

Kasi ina maana yake mfukoni. Sekunde 2.5 ni mizunguko 1,440 kwa saa. Kwa dau la shilingi 100, unazungusha shilingi 144,000. Mashine inayorudisha asilimia 96 itakula wastani wa 5,760. Ya asilimia 94 itakula 8,640. Picha ni zile zile, muziki ni ule ule. Watengenezaji wengi hutoa sloti moja ikiwa na viwango kadhaa vya urejeshaji, na mwenye kasino ndiye anayechagua. Pachisuro, yenye sekunde 4.1 kati ya mzunguko na mzunguko, haivuki mizunguko 878 kwa saa.

Kwa hiyo Street Fighter II naipa nafasi ya kwanza kwa usanifu, Akumajo Dracula ya pili, Tomb Raider ibaki kwenye makumbusho. Hakuna hata moja kati yao iliyotengenezwa ili wewe utoke na faida. Kabla ya kuweka dau, fungua ukurasa wa maelezo utafute asilimia ya urejeshaji. Usipoiona, ondoka.