Usiku wa Mwisho Ulikuwa wa Mombasa

Tulipanda meli. Hilo silikani, na kila nikipita senta ya Longonot naulizwa tena: mbona unalalamika na wote mlipanda? Kufika si hoja. Mpira unaweza kugonga mwamba, ukamgonga kipa mgongoni, ukaingia wavuni. Goli litahesabiwa, lakini hakuna kocha atakayewafundisha vijana wake mkwaju ule kesho yake. Uamuzi wa kulala Lamu usiku wa kuamkia siku ya meli ulikuwa kosa, na ungebaki kosa hata kama tungefika bandari ya Kilindini, Mombasa, saa nne asubuhi.

Mliofuatilia safari mnaujua mpango. Siku saba, usiku sita, watu kumi na mmoja katika matatu ya kukodi. Usiku mmoja Voi, miwili Mombasa, miwili Malindi, mmoja Lamu, kisha kuteremka mbio hadi bandarini, ambako mwisho wa kupokea abiria ulikuwa saa kumi jioni. Mpango wa kwanza, ule tuliokubaliana mezani, uliweka Lamu usiku wa tatu na wa nne. Ulibadilishwa wiki moja kabla ya kuondoka, kwa hoja moja tu: kitamu huliwa mwisho.

Hoja hiyo inafaa sahani ya pilau. Haifai barabara ya Lamu.

Kutoka Mokowe, gati ya upande wa bara, hadi Mombasa ni karibu kilomita 340, na hata kabla ya kuzigusa kuna bahari ya kuvuka, kwa maana Amu, yaani Lamu yenyewe, ni kisiwa na gari lako limelala ng'ambo. Hapo tayari umeikabidhi siku yako kwa injini ya mashua usiyoijua. Lakini mashua si tatizo kubwa. Tatizo kubwa ni kwamba barabara hii haikuruhusu kununua muda kwa kuamka mapema. Safari nyingine ukiwa na wasiwasi unaondoka saa nane za usiku, mambo yamekwisha. Tangu mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014, upande wa Lamu umeishi na vizuizi vya polisi, magari ya kusindikizwa na vikwazo vya kutembea usiku. Unaondoka kunapopambazuka, pamoja na wengine wote, na unasimama kila unaposimamishwa. Kwa hiyo dakika ya akiba haipo mwanzoni mwa safari. Kama haipo mwanzoni, na mwisho umefungwa na meli, iko wapi? Mpangaji wetu wa safari hakuwa na jibu, na niliuliza swali hilo mbele ya watu.

Kuna waliosema lami ya kutoka Garsen imemaliza shida. Lami imesaidia, na aliyewahi kukwama kwenye tope la Witu hawezi kuidharau. Lakini lami haiuzuii Mto Tana. Novemba 2023 maji yaliikata barabara hiyo upande wa Gamba na Lango la Simba, na mwezi uo huo daraja la Mbogolo, kule Kilifi, likazolewa. Sehemu mbili tofauti za njia moja, ndani ya mwezi mmoja wa vuli. Nasi tulisafiri mwezi gani? Novemba.

Siku yenyewe ilikwenda hivi. Injini ya mashua ilikataa kuwaka pale gatini, dakika ishirini zikaenda. Tukasimamishwa Hindi, Witu na Gamba, vitambulisho mkononi. Malindi tuliipita saa tano kasoro bila kushuka. Mama mmoja wa miaka sabini na mbili aliomba tusimame pale aende msalani, akaambiwa avumilie hadi Kilifi. Hilo sijalisamehe. Mtwapa tulikuta malori yamejipanga, dereva akiwa hajatia chakula kinywani tangu alfajiri, na kuanzia hapo hakuna aliyezungumza hadi tulipovuka daraja la Nyali. Tuliingia lango la bandari saa tisa na dakika thelathini na nane. Dakika ishirini na mbili. Gurudumu moja tu lingepasuka Minjila, leo tungekuwa tunachangishana nauli ya kurudi nyumbani.

Na hicho kitamu chenyewe tulikila? Tulifika Amu magharibi, tukaondoka alfajiri. Tulilipia nyumba ya mawe ya kale, kuta za matumbawe na chokaa, tukaiona kwa tochi za simu. Nyumba ile inataka mchana. Inataka ukae darini uone jinsi boriti za mikoko zinavyoamua upana wa chumba, ndiyo maana misana yake, yaani vyumba vyake, ni mirefu na myembamba. Uone mwanga wa ua ukiingia polepole hadi kwenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani, kule ndani. Uketi kwenye daka, kibaraza cha mlangoni, mtu apite, akusalimu, mzungumze. Sisi tulilala na viatu kando ya kitanda.

Wakati huohuo tulikuwa tumekwishatumia usiku miwili Mji wa Kale wa Mombasa, nyuma ya Fort Jesus, mwanzoni mwa safari, mahali tulipojua kwamba tutarudi. Kutoka pale hadi lango la Kilindini ni mwendo wa tuktuk. Geuza mpango: Voi, Malindi, Lamu usiku miwili, Malindi tena, kisha Mombasa. Usiku ni ule ule sita, kilomita ni zile zile. Mto ukifurika, una siku mbili za kutafuta njia. Injini ikigoma, unakunywa kahawa ukisubiri fundi.

Mengine yalifanywa vizuri. Magofu ya Gedi tuliyaingia asubuhi kabla ya jua kali, na hesabu ya pesa ilikuwa safi hadi shilingi ya mwisho.

Nitasema tena jambo mlilochoka kulisikia kwangu: tumesahau kupanga tangu tulipopoteza treni ya usiku. Ile ilikulaza njiani ikakuamshia katikati ya mji wa Mombasa, na mtu alijifunza kuhesabu safari kwa usiku badala ya kilomita. Reli mpya ya 2017 ni ya haraka, lakini inakushusha Miritini, mbali na katikati ya mji.

Waliotutangulia walijua kuhesabu usiku. Familia za Nakuru na Naivasha zilizopanda meli ya Karanja au ya Kampala kwenda Bombay zilishuka Mombasa mapema, zikalala kwa jamaa au musafirkhana, zikangoja meli badala ya kuikimbilia. Hata ndege za maji za BOAC, zilizotua Ziwa Naivasha hadi 1950, ziliwalaza abiria wao nchi kavu usiku baada ya usiku njiani kutoka Uingereza. Marubani wale walikuwa na mashine zenye kasi kuliko kitu chochote barabarani, lakini usiku waliupangia kwanza. Mzee mmoja wa reli hapa kwetu, marehemu sasa, alikuwa akimuuliza kila anayesafiri swali moja: usiku wa mwisho unalala wapi? Ukimjibu nje ya mji wa bandari, alikurudishia daftari lako la mpango wa safari.

Nasikia kundi jingine linapanga kushuka Pwani mwezi wa pili, kwa meli nyingine, na kwamba limeomba ratiba yetu liinakili kwa sababu ilifaulu. Wapeni orodha ya nyumba za kulala na namba za madereva. Ratiba msiwape. Waambieni waanzie Lamu, na usiku wa mwisho walale Mombasa.