Kuipima Filamu ya Ndugu Mabingwa

Filamu ya hali halisi kuhusu ndugu mabingwa usiipime kwa vikombe. Vikombe hata magazeti yanavihesabu. Mtafute yule ambaye siku hiyo ameshindwa, uone kamera inamfanyia nini.

"Venus and Serena" ya Maiken Baird na Michelle Major, iliyotoka 2012, iliwafuata akina Williams katika mwaka wa 2011. Mwaka wenyewe ulikuwa wa maradhi: Serena alipata damu iliyoganda mapafuni, na Venus akajitoa kwenye mashindano ya wazi ya tenisi ya Marekani kwa ugonjwa wa Sjögren. Kamera haikuwakimbia. Hapo filamu inanishika. Inanichosha inapowakalisha kina Bill Clinton na Anna Wintour wazungumze. Ukiwaondoa, hadithi haipungui kitu.

Kwa filamu yoyote ya dada hawa, kipimo changu kikali ni mashindano ya Indian Wells ya 2001. Dakika chache kabla ya nusu fainali dhidi ya mdogo wake, Venus alijitoa kwa sababu ya goti. Minong'ono ikazuka kwamba baba yao, Richard, ndiye anayepanga nani ashinde. Kwenye fainali Serena akazomewa, akashinda, na hakurudi kucheza pale hadi 2015. Filamu mbovu inabaki na Serena uwanjani. Lakini Venus alikuwa jukwaani na baba yake, nao wakizomewa vilevile. Filamu inayojua kazi yake inageukia huko.

Uliza pia nani amekasirika. Chama cha tenisi cha Marekani kiliwashtaki watengenezaji wa "Venus and Serena" 2013, kikidai picha zake, zikiwemo za Serena akimfokea mwamuzi wa mstari 2009, zimetumika bila idhini. Sisi wa Bukavu hatushangai: filamu ya Thierry Michel kuhusu Daktari Mukwege ilipigwa marufuku nchini Septemba 2015, ikaja kuachiwa baadaye mwaka huohuo.

Nanyi vijana wa Kadutu na Ibanda mnaoshika kamera, kazi ipo. Popole Misenga na Yolande Mabika, wanajudo wazaliwa wa mji huu, walibaki Rio baada ya mashindano ya dunia ya 2013, wakacheza Olimpiki ya 2016 katika timu ya wakimbizi. Si ndugu wa damu, ila njia yao ilikuwa moja. Popole alishinda pambano lake la kwanza, Yolande akashindwa lake. Mkiwatengenezea filamu, Yolande asipewe dakika pungufu.